Masizi ni Riziki

Jumatatu, tarehe 4
Mke wa mwanangu, kama unalisoma daftari hili kwa wizi, basi jisome: kumkoholea mteja usoni ni utovu wa adabu. Mtu kaleta shuka, wewe unampokea kwa kikohozi! Tanuru la matofali liko mwisho wa mtaa tangu hujazaliwa. Linatoa masizi, masizi yanachafua nguo za watu, watu wananiletea mimi nifue. Banda langu lina bati, kamba zangu hazichafuki. Umekula na kuvaa kwa masizi hayo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Jumanne, tarehe 5
Kaja binti wa utafiti na makaratasi yake. Kaning'iniza kidude cha kupimia moshi ukutani kwangu. Kauliza kipato, nikamwambia kinatosha, mengine hayamhusu. Kauliza, toka sifuri hadi kumi, maisha yananiridhisha kiasi gani. Kumi! Niliishia darasa la tatu, lakini kumi naijua. Fundi cherehani wa jirani, yule anayejiona, kasema sita. Nilifurahi. Kisha mke wa mwanangu, mbele ya mgeni, akasema mbili. Mbili, ndani ya nyumba yangu!
Nikauliza namba hizi za kazi gani. Eti mtaa ukionekana hauna raha, tanuru litaamriwa lifunge chujio la moshi. Atarudi Ijumaa kuuliza tena nyumba zote. Chujio! Hewa safi, nguo safi, mimi nile nini?

Jumatano, tarehe 6
Nimepita nyumba kwa nyumba. Atakayesema kumi, namfulia shuka bure. Wote wamekubali. Raha imeenea mtaani kama upupu. Fundi cherehani kauliza, je, akisema kumi na moja nitamfulia na mapazia? Nikamwambia aache ulafi. Kile kidude nimekivisha foronya.

Alhamisi, tarehe 7
Sikujua watu wana shuka nyingi hivi! Mablanketi yamo. Mapazia ya fundi yamo, mwizi yule. Mwanangu kafua mpaka vidole vimekunjamana. Mkewe kapiga pasi na mtoto mgongoni. Mjukuu wangu naye kaanza kukohoa, kifua kinapiga filimbi. Nikasema ni meno. Zahanati wakasema ni moshi, mtoto aondolewe hapa. Tabibu anajua nini? Hajawahi kufua hata soksi. Nimembeba mwenyewe mchana kutwa, kazi ikalala.
Nikamwomba mke wa mwanangu, mimi niliyempelekea posa, kesho aseme kumi. Akajibu, "Mama, mimi nitasema ninachokivuta."

Ijumaa, tarehe 8
Mtaa mzima kumi. Binti wa utafiti kaacha kuandika, kakivua kidude foronya, kaniangalia. Nikaangalia bati. Mke wa mwanangu kasema sifuri. Kisha kafunga mizigo, kambeba mtoto, kaenda kwa mama yake mlimani, ambako shamba halitoi kitu ila hewa. Nikamwambia hewa hailiwi. Hakugeuka.

Jumapili, tarehe 10
Habari njema! Mwenye tanuru kasikia jinsi mtaa unavyoridhika, anawasha tanuru la pili. Fundi cherehani kanuna. Nikapiga kigelegele. Hakuna aliyeitikia. Kuna nepi moja walisahau. Nimeikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.
Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimechumia moshini, basi nitalia humuhumu. Na bado ni kumi. Haya, tisa na nusu, na hiyo nusu ni kosa la mama yake mtoto.
Mwanangu, acha kuniangalia hivyo. Kesho asubuhi panda mlima ukawarudishe. Mtoto nitambeba mimi, mama yake ashike pasi. Na ukishuka pitia dukani, ubebe sabuni katoni mbili. Mbili, sio moja. Masizi yanakuja.