Banda la Tembo Mwenye Manyoya

Jumatatu, 9 Juni
Baridi kali. Redio imesema wataalamu wa ng'ambo wanataka kumrudisha duniani tembo wa kale mwenye manyoya, aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Wanamwita mamothi. Anataka baridi na majani. Nani ana baridi na majani kutushinda sisi wa Lushoto? Watatafuta pa kumweka. Watanikuta tayari.

Jumanne, 10 Juni
Kikwazo: sheria ndogo ya kijiji. Mifugo hairuhusiwi kuzurura, isije ikabomoa matuta. Sawa, mamothi naye atakatiwa majani bandani. Na banda tunalo! Mke wangu Mwanahawa amelijenga kwa ajili ya mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kikundi cha akina mama. Ameisubiri zamu yake miaka mitatu. Wanakuja kukagua Ijumaa. Banda likikataliwa, mtamba anakwenda kwa Efrazia, mke wa jirani Timotheo. Ila banda lenyewe dogo mno.

Jumatano, 11 Juni
Mwanahawa kaenda Mlalo kwa dada yake. Nimeng'oa paa. Nimeondoa na hori. Mwenye mkonga hori la nini? Timotheo kachungulia, akauliza kama najenga ghorofa. Wivu! Nikamweleza. Akamwita mkewe naye aje aone.

Alhamisi, 12 Juni
Mwanahawa karudi. Nikamwambia ni maboresho. Nyumbani tunaongea Kishambaa. Leo kanisemesha Kiswahili, kama karani wa mahakama. Nimeogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Wakaguzi! Mwenyekiti, Mama Evelina, nikampa shikamoo mbili. Akauliza: Mbaraka, hori liko wapi, na ng'ombe ataustahimilije upepo huu? Nikasema mgeni wangu ana manyoya. Akatamka kuwa mtamba aende kwa Efrazia. Mwanahawa akalia mbele za watu. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe Efrazia mwenyewe akakataa. Alisema maziwa ya machozi ya jirani hayatampita kooni, Mwanahawa apewe wiki moja.

Jumamosi, 14 Juni
Timotheo kaja na nyundo. Karudisha paa na hori. Mimi nilishika misumari. Nimemwapia Mwanahawa: mamothi basi, wallahi.

Ijumaa, 20 Juni
Banda limepita. Mtamba kafika, mweusi mwenye baka jeupe. Mwanahawa kacheka, na Kishambaa kimerudi. Mama Evelina katukumbusha utaratibu wa kikundi: ndama jike wa kwanza tutampa Efrazia. Haki yake kabisa, mama yule ana utu.

Jioni redio imesema mamothi atahitaji mama wa kumbebea mimba. Eti wanafikiria tembo. Tembo wa nini? Nimeingia bandani kumtazama vizuri mtamba wetu. Nyonga pana, mpole, si mlafi. Barua kwa wataalamu nimeshaiandika. Nimesisitiza jambo moja tu: waweke dume.