Msafara wa Maua Nitauongoza Mimi

Jumatano, 14 Mei
Kambi imejaa. Watoto wamekuja kutoka mkoa mzima wa Batangas, hapa Ufilipino, na viti vyao vya magurudumu, magongo na fimbo nyeupe. Kelele! Raha tupu. Jumamosi tunafunga kwa msafara wa maua, na kiongozi wake huchaguliwa na watoto. Kila mwaka humchagua Mama Pacing, mpishi. Mkuu wa kambi ni mimi! Mwaka huu lazima niongoze. Nimeagiza aiskrimu ya viazi vya zambarau. Mkono mtupu haulambwi.

Alhamisi, 15 Mei
Umeme umekatika tangu asubuhi. Aiskrimu yote uji. Mama Pacing akaimwaga juu ya wali wa nazi, watoto wakalamba hadi viganja. Wakamshukuru nani? Yeye! Nikamkumbusha kwamba ndoo za aiskrimu ni zangu. Akaniambia nikazioshe, basi.

Ijumaa, 16 Mei
Mchezo wa kuvunja chungu. Unafungwa macho, unapewa fimbo, chungu kinaning'inia, ukikipasua peremende zinamwagika. Nikaja na kitambaa changu, chepesi, naona kila kitu. Pigo moja, peremende kwa wote, kura zote kwangu!

Nikasahau kwamba hapa kambini wakaguzi wa vitambaa ni watoto wasioona. Dalisay, kipofu wa kuzaliwa, miaka kumi, akakipapasa kidogo tu.

"Kaka Teban, hiki cha kuchujia tui. Hebu inama."

Akanifunga taulo. Giza totoro. Nikapiga hewa. Nikapiga mti. Nikapiga sufuria ya Mama Pacing ya supu ya ukwaju, ikanimwagikia yote. Bahati ilikuwa imepoa. Mtoto mmoja, Isko, alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na akakataa kuinuliwa kabla hajamaliza kucheka. Mle ndani ya taulo, nami nilicheka. Wasijue.

Jumamosi, 17 Mei
Kura zimepigwa. Mama Pacing tena! Roho imeniuma, sifichi. Nilikuwa nakwenda kujifungia ofisini Dalisay akanishika shati.

"Unakwenda wapi? Malkia bado hajavaa."

Malkia wa msafara ni mimi. Wamekubaliana wote, bila hata mmoja kupinga. Nikavishwa gauni la Mama Pacing na taji la asumini, nikatembea chini ya tao la maua, nyuma kabisa, kama malkia anavyotembea. Isko alinishikia pindo. Mji mzima ulinishangilia. Sijapata kufurahi hivi.

Lakini kiongozi ni kiongozi. Mwakani kura nitazihesabu mwenyewe.