Viatu Ishirini na Vinne vya Kulia

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Garland, Texas.

Dada yangu Prudensia ametuma vokali, ujumbe wa sauti, kutoka Bujumbura. Sauti ya chini, kama ya mtu anayetangaza msiba. Ateliye yake, karakana ya viatu, inakufa. Watu wananunua mitumba na plastiki. Mwisho wa mwezi anafunga, arudi kuuza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni. Wamama wanne alio nao watakaa bure.

Mimi niliishia darasa la nne, nitafanya nini? Lakini Mungu ana njia zake. Kezia, yule nesi Mkenya anayeongoza kwaya kule Stafford karibu na Houston, aliona sandali zangu za ngozi kwenye mkutano wa wamama. Akauliza zinatoka wapi. Nikasema kiwandani kwetu, tuna-export dunia nzima. Dunia nzima ni mimi na mama mkwe. Leo ameagiza jozi ishirini na nne, kwaya izivae kwenye kongamano tarehe 24. Zikipendeza, Prudensia amepona.

Mume wangu Omer ameuliza kiwanda gani. Nimemwambia ale, chakula kinapoa.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimeona tatizo. Prudensia na wenzake ni watu wa zamani. Kila mama anakata ngozi, anashona, anagonga soli, jozi moja mwanzo mpaka mwisho, huku anaimba. Nchi ndogo itaendelea lini namna hiyo?

Kazini kwetu hakuna anayefanya kitu kizima. Mimi nafunika ndoo za rangi. Miaka sita, vifuniko tu. Rangi yenyewe sijawahi kuiona. Kazi inapita kwa mstari, kila mtu na kipande chake. Hiyo ndiyo laini! Hayo ndiyo maendeleo!

Nimetuma vokali ya dakika kumi na moja. Mmoja akate. Mmoja agonge soli. Fanny ashone vya kulia tu, mkono uzoee. Zoé vya kushoto tu. Na sheria kubwa: mtu asiguse kazi ya mwenzake. Prudensia akauliza, na mtu akipata shida? Nikamjibu kwamba kwenye laini hakuna shida, kuna laini.

Jumapili, 10 Agosti.

Clothilde, yule anayeshindana nami kwa kila kitu, amenikumbatia kanisani mbele ya watu wote, akauliza kiwanda changu kinaendeleaje. Neno kiwanda alilitoa kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Kumbe ameshasikia habari za Stafford. Ana jozi thelathini za kununua mtandaoni, ziko ndani ya gari, eti nikikwama nisione haya. Nikamwambia Mungu akubariki. Moyoni nilimwambia kingine.

Prudensia kimya tangu Alhamisi. Nikafunga chakula cha mchana kwa maombi. Jioni nikala mara mbili.

Ijumaa, 22 Agosti.

Shemeji Josué ametua na sanduku kutoka Bujumbura. Nimelifungua kabla hajakaa. Harufu ya ngozi mpya! Mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Nikalia. Kisha nikaanza kupanga jozi.

Cha kulia. Cha kulia. Cha kulia. Ishirini na vinne vya kulia. Vya kushoto vitano.

Nimempigia Prudensia. Ameeleza kwa upole. Zoé alifiwa na shangazi yake, akaenda matanga Gitega, na mtu haondoki matangani kabla ya siku zake. Fanny alimaliza vya kulia mapema, akataka kushona na vya kushoto. Wenzake wakamshika mkono.

“Ulisema mtu asiguse kazi ya mwenzake,” Prudensia akasema. “Tulitii, dada.”

Binti yangu Kethia alisema, Mami, seriously? Halafu akakaa chini na mimi, akanisaidia kutafuta vya kushoto chini ya kitanda, kama vile vingekuwa vimejificha. Mtoto mzuri.

Jumamosi, 23 Agosti. Njiani kwenda Houston.

Omer anaendesha, saa ya tatu sasa. Nimepata akili! Kwaya isimame upande, mguu wa kulia mbele, wa kushoto ujifiche. Nimempigia Kezia, nikamweleza kwamba kwetu mguu wa kulia ndio wa baraka, wa kushoto huvaa cha zamani kwa unyenyekevu. Akasema sawa, Mama Kethia.

Jumapili, 24 Agosti. Stafford.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa safi kabisa. Kisha ngoma ikaingia, na kwaya ya Wakenya haijui kusimama. Wakageuka wote. Miguu ya kushoto kumi na tisa: raba, ndala, na kimoja cha kisigino kirefu. Clothilde, naye amekuja kongamano na jozi zake, alishatoka nje kufungua buti ya gari.

Baada ya ibada Kezia alinijia. Nikasema yote. Laini, Zoé, matanga, ndagala. Nikaomba msamaha kwa niaba ya nchi nzima. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu.

“Mama Kethia, wiki hii nimesimama zamu sita. Mguu wa kulia leo umepumzika. Wa kushoto unaniuliza umekosa nini.”

Anataka vya kushoto vifuate. Na jozi arobaini nyingine, za manesi wenzake. Sharti moja: kila mama ashone jozi yake nzima, kama zamani. Nimeahidi mbele ya msalaba. Clothilde amefunga buti.

Jumatatu, 25 Agosti. Garland.

Prudensia hafungi! Alilia, nikalia, Omer akatoka nje kuangalia matairi.

Leo kazini, mbele ya vifuniko, nimefikiri sana. Mguu gani ulisifiwa? Wa kulia. Nani alishona kiatu chake? Laini! Matanga ndiyo yaliharibu, laini haina kosa. Viatu sivigusi, ahadi ni ahadi. Lakini Kezia ametaja pia magauni ya kwaya ya Krismasi, na kuhusu magauni sikuahidi kitu.

Nimetuma vokali ya dakika kumi na saba. Fanny vifungo tu. Matundu ya vifungo yote nimempa Zoé peke yake. Safari hii hawezi kwenda popote: ana mimba ya miezi minane, ametulia nyumbani.