Viti Sita vya Komisio ya Usawa

Tunawatangazia watu wote wa Rugenge, wa Kiringye, na hata wale wa milimani kule Lemera: umaskini uliisha Uvira tarehe 9 Agosti 1954, saa tano ya asubuhi. Najua, kwa sababu mimi Herménégilde, karani wa kwanza wa Komisio ya Usawa, ndiye niliyeandika.

Mali ya dunia nzima hatukuiweza mara moja, kwa hiyo tulianza na viti. Kila nyumba kiti kimoja; aliyezidisha anatoa, naye anachagua cha kutoa. Kipengele cha nne nilikitunga mwenyewe: "Kiti ni cha nyumba kilimokutwa. Hakuna cha kusema nimeazima, nimewekesha." Watu wa Rugenge ni wajanja, bwana wee!

Nyumba ya Bwana Administrateur, mzungu mtawala wetu, haikuhesabiwa. Ina baraza pande nne, kwa hiyo kisheria si nyumba.

Mimi nilikuwa na viti sita, kimoja mguu mbovu. Na Alhamisi wazungu walikuwa wanakuja kutazama kama nimestaarabika, nipewe karte, ile hati ya Mwafrika mstaarabu. Muntu wa kuketi chini hapewi karte! Basi Jumapili, watu wakiwa misani, nikavificha kwa jirani yangu Pudentienne, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, asiyekuwa na kiti hata kimoja. Miaka mitatu ananiletea ndagala, anasimama mlangoni. Sikuwahi kumwambia aketi.

"Karani, minye niviweke tu?"

"Viweke. Kesho jioni navichukua."

Nilipanga kumwandikia sifuri nikiwa barabarani. Lakini siku ya hesabu Bwana Administrateur alifuatana nami kukagua; jua likamchosha, akaingia kwa Pudentienne kutafuta pa kuketi. Akaketi. Kwenye kiti changu.

"Sita! Mama, hivi ni vya nani?"

Pudentienne akanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Muulize karani. Yeye ndiye anajua sheria."

"Karani, soma kipengele cha nne," Bwana akaniamuru.

Nikasoma. Moyo uliniuma, lakini nilisoma vizuri.

Vinne vizima Pudentienne akawagawia majirani papo hapo, wanawake wakipiga vigelegele. Kile kibovu akanisukumia mimi, kwa kuwa daftari langu mwenyewe lilisema karani hana kiti.

"Ikala, karani. Weye umenisimamisha sana."

Nikaketi, tukaanguka pamoja na kiti. Kisha akamgeukia Bwana.

"Na weye simama. Icho ni changu."

Bwana akasimama. Sheria ni sheria.

Alhamisi wazungu wa karte wakanikuta kwenye mukeka. Wakatafuta pa kuketi, wakaingia kwa Pudentienne, wakamwuliza jina lake linaandikwaje kwenye karte.