Bolti Nne za Chombo cha Angani

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Nimechaguliwa kuzungumza mbele za watu. Mimi! Mimi ambaye nikitumwa sukari narudi na chumvi, kwa sababu muuzaji alisema "chumvi?" na nikaona haya kumkatalia.

Wiki nzima redioni wanabishana kuhusu kile chombo cha angani kilichorudi na ufa mlangoni. Watu wanne walikuwa ndani. Wote wazima, lakini ni bahati tu. Wengine wanasema safari ziendelee, wengine wanasema asirushwe mtu mpaka vyombo viwe salama. Mkutubi wetu ameandaa mdahalo maktabani Jumamosi. Nilimwandikia barua ya kurasa sita kutetea usalama. Nilitaka barua isomwe, siyo mimi nionekane! Amesema mwandiko wangu una ujasiri.

Mpinzani wangu ni Kipaza. Tumemaliza shule pamoja. Hajanyamaza tangu siku ya kwanza darasani.

Alhamisi, 6 Machi

Baba mdogo, seremala, ndiye anayetengeneza mfano wa chombo. Kipaza atahutubia akiwa amekaa ndani yake. Ni kama kabati lisilo na milango, lenye pua iliyochongoka. Kiti kimeinuliwa juu, kimeshikwa na bolti nane. Kila bolti akishaikaza, baba mdogo huitia alama ya chaki. Ndiyo desturi yake tangu ujana. Kazi ikipendeza, mkutubi atampa kazi ya rafu zote za chumba kipya cha watoto. Karakana haijaona kazi kubwa tangu mwaka jana. Leo amenyoa ndevu.

Nami nina mpango. Nimeunga mimbari kwa mbao za mlango wa zamani. Inanifunika mpaka machoni. Nitasoma, sitaonekana! Ila inayumba. Inataka bolti nne. Kopo la baba mdogo ni tupu. Dukani kuna muuzaji, na muuzaji huuliza maswali.

Alipotoka kwenda kununua rangi, nilikitazama kiti. Bolti nane kwa kiti kimoja? Kitanda chetu kina nne, na tunalala watatu. Nimetoa nne kwa kuruka moja moja, ili mzigo ugawanyike sawasawa. Nimekikalia kujaribu. Hakikutikisika. Si wizi, ni hesabu.

Jumamosi, 8 Machi



Ukumbi ulijaa. Kipaza alianza. Alisema woga haujamfikisha mtu popote. Alisema chombo kikitengenezwa na fundi wa kweli kinaaminika kama kiti hiki hapa, jamani, tazameni wenyewe! Akajirusha kitini mara mbili. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kiti kikaondoka naye.

Ameteguka kifundo cha mkono. Sentensi yake aliimalizia sakafuni.

Kisha zamu yangu. Mimbari haikuyumba hata kidogo. Nilisoma kama nilivyoandika: kwamba misiba mikubwa huanza na mtu mmoja aliyeona kitu kidogo hakina maana. Sauti ikakatika. Watu walidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli. Kura: sitini na moja kwangu, tisa kwa Kipaza. Mama mmoja alinishika mkono, akasema alikuja akiwa upande wa Kipaza, ila kile kiti kimemfungua macho.

Baba mdogo alikuwa akiokota mbao peke yake. Nilimwendea ili niseme. Nilifungua mdomo. Nikasema pole.

Jumapili, 9 Machi

Baba mdogo amekaa na lile tako la kiti mapajani tangu asubuhi. Alama za chaki nane. Matundu manne yana mabaki ya bolti zilizokatika, manne hayana kitu. Amenionyesha. Akasema, mwanangu, mkono wangu umeanza kuandika uongo. Akasema labda ni uzee.

Ana miaka arubaini na sita.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango! Nimezichomoa bolti zangu kwenye mimbari, nikazidondosha chini ya viti maktabani. Mkutubi atazikuta, baba mdogo ataambiwa, atajua kwamba alizitia na hakusahau. Kila mtu atapona.

Mkutubi alizikuta akifagia. Akamwonyesha fundi bomba aliyekuja kuziba bomba. Fundi bomba akazigeuzageuza, akasema bolti inayotoka ikiwa imenyooka hivi haijawahi kukazwa, ilining'inizwa tu. Mkutubi amezitia kwenye bahasha kama ushahidi. Akamwambia baba mdogo, kwa upole kabisa, kwamba rafu zitakuwa juu ya vichwa vya watoto.

Kwa nini sikuzikunja kidogo?

Jumamosi, 15 Machi

Siku nne nimeandika ungamo. Lilianza na kurasa tisa. Nimelipunguza hadi likawa hivi: "Bolti nne zilitolewa na mtu aliyedhani nane ni nyingi. Fundi hana kosa. Msimwadhibu." Bila jina. Nikalitumbukiza kwenye sanduku la maoni la maktaba.

Leo kulikuwa na kikao cha kusoma maoni ya mdahalo. Mkutubi akalisoma langu mbele ya wote! Akasema kuna mtu ameeleza ule ufa wa chombo cha angani kwa maneno machache kuliko redio nzima. Kipaza, mkono ukining'inia kwenye kitambaa, akasimama. Akasema, jamani, mimi hapa nimesalimu amri, aliyeandika haya asimame tumwone!

Watu walipiga makofi wakigeuka huku na huku. Nami niligeuka. Nami nilipiga makofi.

Hakuna aliyeuliza ni fundi yupi. Lakini mkutubi ameguswa na lile neno "msimwadhibu". Amemwambia baba mdogo atengeneze benchi moja na kulipeleka Jumatatu saa tatu. Watoto wa darasa la kwanza watalikalia. Likishika, rafu ni zake. Lisiposhika, asirudi tena.

Jumapili, 16 Machi

Benchi limekamilika. Ni zuri mno. Baba mdogo ameigusa kila bolti mara tatu, kisha akanipa chaki. Akasema, hesabu wewe, mwanangu, mimi sijiamini tena. Nimehesabu: nane. Nimezitia alama mwenyewe. Alinishukuru kama mtu aliyevushwa barabara. Nikaingia ndani nikalia.

Imetosha. Kesho saa tatu nitasimama mbele ya mkutubi, Kipaza na watoto wote, nitaje jina langu na niseme kila kitu. Kwa mdomo wangu. Nimeshaandika, ni kurasa mbili tu. Sitakimbia tena. Nimeapa.

Ila bila mimbari sitaweza kufungua kinywa, najijua. Na mimbari haina bolti. Bahasha iko kwa mkutubi. Kopo ni tupu. Dukani yupo yule muuzaji.

Nimelikalia benchi kujaribu. Halitikisiki hata kidogo. Baba mdogo ni fundi kweli.

Nane, kwa benchi moja?