Kamera ya Baba Mkwe

Siku mama mkwe alipoondoka kwenda kumsaidia binti yake wa pili aliyejifungua, Blanketi alisimama mlangoni akampungia mkono mpaka teksi ikapinda kona. Kisha akaenda moja kwa moja kufungua kabati la mama huyo. Msimwite mwizi. Mwizi huchukua asirudishe, na Blanketi, tumtendee haki, alikuwa na nia thabiti ya kurudisha.

Jina hilo alipewa na waliowahi kumsikiliza. Maneno yake humfunika mtu taratibu, yakampa joto, na akija kuzinduka mfuko ni mtupu. Yeye na mkewe waliishi chumba cha uani, nyumbani kwa mkwe huyo, na kila mtu alijua kwamba aibu moja tu ingetosha kumtoa humo.

Nyuma ya mashuka kulikuwa na kamera ya marehemu baba mkwe. Lilikuwa dude jeusi, zito kama tofali, la filamu pana, la aina ile ya kutazamia kwa juu huku umeinamisha kichwa. Lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Sponji za kuzuia mwanga kwenye kisanduku cha filamu zilikuwa zimeoza, na kila picha ilitoka na moto mweupe pembeni.

Mtu mwingine angesema kamera mbovu haiuziki. Blanketi alipiga hesabu yake. Ubovu huu hauonekani kwa macho. Mnunuzi ataujua filamu ikishasafishwa. Akiujua, ataileta kwa hasira. Akiileta, atarudishiwa pesa zake, zimekatwa kidogo. Na kamera, ambayo ni lazima iwe nyuma ya mashuka mama akirudi, itakuwa imerudi nyumbani kwa miguu ya mtu mwingine.

Wa kwanza alikuwa karani wa bima aliyetamani kuitwa msanii.

"Inama, bosi," Blanketi alimwambia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Karani akainama. Mtaa wote ulikuwa unang'aa ndani ya kioo.

"Mbona kulia kumekuwa kushoto?"

"Wakubwa ndivyo wanavyoyaona mambo, bosi wangu."

"Na nisipoipenda?"

"Unairudisha, nakupa hela yako. Nakata kidogo tu ya usumbufu. Mimi si mfanyabiashara. Natafuta mtu atakayeipenda."

Karani alirudi na picha za mchumba wake, ambaye alionekana kama amesimama kwenye mlango wa tanuri. Blanketi alimhurumia sana, akamshika bega, akakata.

Wa pili alikuwa Mama Pasipoti, aliyepiga picha za vitambulisho katika chumba kidogo kando ya duka la fotokopi. Alikuwa mama mpole, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

"Baba, mimi hela zangu ni za kuokoteza. Usije ukaniingiza mjini."

"Mama yangu! Nikudanganye wewe, nitalala vipi?"

Siku chache baadaye aliirudisha. Picha zilikuwa zimeungua kama za karani. Mama Pasipoti alilipa usumbufu bila kunung'unika, akaomba hata radhi. Blanketi aliikagua kamera: nyeusi, nzito, tena imepanguswa vizuri kuliko ilivyotoka. Kioo cha mbele kilionekana kuchoka kidogo, lakini nani asiyechoka?

Wiki ile ile Mama Pasipoti akatokea tena.

"Mwanangu, sijalala. Nadhani kosa lilikuwa langu, niliipakia filamu vibaya. Niuzie tena."

Akamuuzia tena, akaletewa tena, akakata tena. Na mara ya tatu pia. Blanketi alimsimulia mkewe huku akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mungu huumba watu wengine kwa ajili ya riziki za wenzao."

"Rudisha kamera ya baba kabatini," mkewe akasema. "Mama anakuja."

"Imesharudi, mke wangu. Hiyo ndiyo raha yake."

Mama mkwe alirudi akiwa ameongozana na mwanamume mwenye mkoba wa vifaa, fundi na mnunuzi wa kamera za zamani. Akawaita wote sebuleni, akaileta kamera mwenyewe, akaiweka mezani. Blanketi alikaa amekunja nne, moyo mweupe. Kitu kilikuwa mahali pake, angehofu nini?

Fundi akabonyeza kidude, akazungusha, na lenzi ikabaki mkononi mwake.

"Umeivunja!" Blanketi akaruka.

"Nimeifungua."

"Kwani inafunguka?"

Fundi akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kama mlango unafunguka. Akachomoa kioo cha kutazamia. Akachomoa kisanduku cha filamu. Meza ikawa na vipande vinne, na Blanketi, aliyeamini siku zote hizo kwamba kamera ni kitu kimoja kama jiwe, akavihesabu mara mbili.

"Lenzi ina ukungu," fundi akasema. "Kioo hiki kimepasuka. Na hii bodi, mwili wenyewe wa kamera, naijua, skrubu hii niliiweka mimi. Ni ya mama mmoja wa picha za pasipoti. Nilimwambia imekufa, aizike." Akanusa kisanduku cha filamu. "Kamera ya marehemu niliwahi kuifungua; kilicho chake hapa ni hiki tu. Na sponji zake zimeoza. Hata hizo zinabadilishwa kwa bei ya chai."

Safari tatu za Mama Pasipoti, vipande vitatu vizima alivyobadilisha na vibovu vyake. Akamwachia kile kigonjwa.

"Mama," Blanketi akaanza, na sauti yake ikalainika yenyewe kwa mazoea, "unajua vitu vya zamani, hali ya hewa ikibadilika..."

"Nyamaza, mwanangu."

Mama mkwe hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Nilikuwa naiuza nikufungulie duka. Pale kona, chumba nimeshakizungumzia na mwenye nyumba. Nimechoka kuulizwa mkwe wangu anafanya kazi gani. Kila siku nasema yupo yupo."

Fundi akatoa noti chache za kununulia vipuri hivyo, akaziweka mezani kwa aibu. Mama akazisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele ya Blanketi.

"Chukua. Ndiyo duka lako."

Blanketi alitaka kulia, na safari hii kwa dhati. Alitafuta neno, hata moja la kujifunika, akalikosa. Angemshtaki Mama Pasipoti kwa nani, na angesema nini?

"Kesho asubuhi utakwenda kwa huyo mama," mkewe akasema.

"Kumdai?"

"Kumwomba kazi. Mtu mwenye akili vile hakosi mizigo ya kubebewa."

Mama mkwe akainuka kwenda kuandaa chai. "Na umsalimie sana," akasema. "Mwambie nakukabidhi kwake. Safari hii asikurudishe."