Vijidudu Wangu wa Bwawa la Pili

Jumatatu, 9 Juni

Mwanangu Bonge amenitafunia penseli sasa hivi, akameza kipande cha ufutio, kisha akanitazama kama mimi ndiye mkosaji. Miezi minane, meno mawili. Basi naandika kwa hiki kilichobaki.

Habari ya leo ni kubwa. Fundi wa majitaka amekwenda kumwoza binti yake, siku tano, na funguo za mabwawa nimepewa mimi. Mimi wa meza ya kutoa matumbo ya kuku. Meneja amesema Ijumaa anakuja mkaguzi kuchota maji yanayotoka kiwandani kwenda mtoni. Yakifaulu, kazi ya mabwawa ni yangu. Yakifeli, narudi mezani.

Mezani hakuna kutoka mpaka saa kumi. Maziwa yananijaa, yanalowesha aproni, na Bonge nyumbani anamlilia bibi yake. Mabwawani kuna kilango cha nyuma. Dakika sita niko nyumbani, namnyonyesha, narudi kabla manyoya hayajaziba wavu. Siombi dunia. Naomba kilango.

Fundi alinitembeza. Maji ya kuchinjia hupita kwenye wavu, manyoya yanabaki. Shimo la kwanza mafuta yanaelea, unayakomba. Bwawa la pili ni la kahawia, linachemka kwa hewa ya mashine, na humo mna vijidudu wasioonekana wanaokula uchafu. La tatu tope hutuama, maji ya juu yanakwenda zake. Akasema hao ndio wafanyakazi wenyewe, sisi wengine tunasindikiza. Nisiwape damu, damu ina pipa lake. Nisizime hewa. Amerudia mara tatu, kama mimi ni mlango.

Mama Pacha wa mashine ya manyoya alizitaka funguo hizi. Amenipa hongera kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Jumanne, 10 Juni

Fundi ameniachia jagi la kioo. Unachota bwawa la pili, unaliweka dirishani nusu saa, tope lishuke chini, juu pawe peupe. Leo tope limeshuka nusu, likachoka. Juu ukungu mtupu.

Nimefikiri sana. Vijidudu ni wadhaifu. Siku nzima wanalishwa uchafu mwepesi, maji ya kusuuzia, nani atapata nguvu hapo? Nikamwambia mzee wa pipa la damu kwamba Fundi ameagiza ndoo nne. Aliniangalia kidogo, akasema yeye hulinda pipa tu, halindi akili za watu. Nikamimina zote nne. Walizipokea vizuri.

Kisha nikaona jinsi mashine inavyowarusharusha. Mtu katoka kula. Bonge ukimrusha akishashiba, anakurudishia yote begani. Nikaizima kidogo walale. Kimya kizuri ajabu. Nikawaimbia ubeti mmoja, hakuna aliyeniona.

Nikaenda kunyonyesha. Bonge kalala kifuani, nami nikapitiwa. Kuamka, saa tisa. Nimekimbia kiatu kimoja mkononi, nikawasha mashine. Hakuna lililoharibika. Povu limeongezeka tu, nadhani ndiyo afya.

Jumatano, 11 Juni

Siyo afya.

Bwawa ni jeusi. Harufu yake ni ya mayai yaliyosahauliwa kabatini na watu waliohama. Macho yanatoka machozi. Wachinjaji wamefunga madirisha ya upande wangu, na hao ni watu wanaokula chakula cha mchana pembeni ya vichwa vya kuku.

Mama Pacha alikuja na aproni puani, akauliza kama nimefuga au nimezika. Nikamwambia ni hatua ya kawaida, ajifunze kwanza. Akasema atajifunza Ijumaa, akikabidhiwa hizo funguo.

Nyumbani mama mkwe alinisimamisha mlangoni. Nimeoga mara mbili. Nikamweleza kwamba niliwalisha tu, kwa upendo. Akasema shibe mwana malevya, na kwamba hata binadamu ukimshindilia akashindwa kupumua, usimwite mgonjwa, mwite aliyeuawa. Mama huyu hajawahi kuona bwawa.

Lililoniuma si hilo. Bonge alilisogelea titi, akanusa, akageuza uso. Mwanangu mwenyewe. Nilikaa kitandani na maziwa yangu kama mchuuzi aliyekimbiwa na wateja. Baadaye njaa ikamshinda akanyonya, lakini kwa jicho moja la lawama.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia Fundi. Nyuma yake ngoma na vigelegele. Nikamwambia kuna watu wamemwaga damu kidogo bwawani. Akauliza watu gani. Nikasema watu tu. Akauliza na hewa? Nikasema ilipumzika.

Alishusha pumzi ndefu. Akasema wengi wamekufa kwa kukosa hewa, waliobaki watapona kwa wiki mbili. Hewa usiku na mchana. Nirudishe tope kutoka bwawa la tatu, humo mna ndugu zao wazima. Na leo hii nimweleze Meneja ukweli, amwombe mkaguzi asogeze siku. Mengine nimeyafuata yote.

Tope nimebeba ndoo thelathini na moja. Mgongo haunijui tena. Lakini wiki mbili na kesho haviwezi kukutana, ndipo akili ikanijia. Ule mpira wa kuoshea sakafu ya ukumbi wa kuchinjia ni mrefu. Nimeuunga bombani, nikaupitisha kwenye majani mpaka pale maji yanapotoka kwenda mtoni. Kesho nafungulia. Maji safi yatayasaidia machafu kidogo. Kusaidiana si kudanganya.

Ijumaa, 13 Juni

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole, gambuti zake mwenyewe. Upole wake ndio ulionitisha. Alikinga chupa, akaiinua juani. Maji yanang'aa kama machozi ya malaika. Akasema ana miaka kumi na tisa kazini, hajaona kuku wasafi hivi. Meneja akavimba kwa furaha. Mimi nikavimba zaidi.

Mkaguzi akanipa chupa, akasema basi mwanangu, kunywa.

Nimeipokea tu, sauti ya Mama Pacha ikatoka ukumbini, inataka kujua ni mwehu gani kachukua mpira wa sakafu. Kisha akafunga bomba. Maji masafi yakapungua, yakawa uzi, yakakata. Baada yake yakaja ya kwangu. Meusi, taratibu, na harufu yake mbele.

Mkaguzi akaufuata mpira kwa ncha ya kiatu, majanini, hatua kwa hatua, mpaka bombani. Hakupandisha sauti. Akamwaga chupa, akaandika, akasema atarudi baada ya wiki mbili, na akikuta mpira hata wa baiskeli, anafunga kiwanda. Meneja akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikaweka funguo. Akampa Mama Pacha palepale.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi mezani. Saa tatu maziwa yalishalowesha aproni. Jirani yangu akanipa kitambaa, na hilo lilinitia uchungu kuliko kama angenicheka.

Saa nne Mama Pacha akaingia, uso rangi ya dekio, akaweka funguo mezani kwa Meneja. Amesema ana watoto wawili wanaomhitaji hai. Meneja akauliza ukumbi mzima nani anataka mabwawa. Kila mtu akakitazama kisu chake. Mkono ulioinuka ni mmoja, na ulikuwa wangu.

Akanipa. Akasema wiki hizi mbili nisibuni kitu. Nisifikiri. Nifanye asemalo Fundi, basi. Nimeapa. Saa saba nilipita kilango, Bonge kanirukia na meno yake yote mawili. Harufu ameshaizoea, mtoto ana moyo mpana kuliko wakaguzi.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi karudi. Alizunguka bwawa la pili mikono nyuma, kama mtu aliyefika hospitali kumwona nduguye. Rangi ya kahawia inarudi kwa mbali. Akasema tunakwenda vizuri, sasa ni subira, uchafu uingie kidogo kidogo kama kawaida. Kisha akaenda mjini kununua mafuta ya mashine.

Nimejifunza, na nakubali nilikosea. Niliwalisha mno. Fundi ni mtu mzuri ila mwoga, kidogo kidogo yake itatufikisha siku ya mkaguzi tukiwa bado nusu. Kama shibe ndiyo iliyowaangusha, dawa ni njaa, hilo halihitaji shule. Wakikaa bila tonge siku tatu, watausafisha uchafu wote uliobaki humo hadi kuta. Basi tangu saa mbili nimelifunga lango la chuma la mbele ya wavu, maji ya kuchinjia yanapoingilia, tone haliingii. Na hakuna aliyelalamika, ukumbini wanachinja kama kawaida, sijui maji yao yanakwenda wapi lakini bila shaka yamepata njia. Jagi liko dirishani, nangoja nusu saa yangu kwa utulivu. Namwona Meneja anakuja upande huu, kabeba viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magoti, miguu imeganda manyoya, ananiita kwa jina langu lote mpaka la babu, nadhani Fundi ameshamweleza tunavyokwenda vizuri na anataka—